Baada ya Maji Kupungua: Habari za Matibabu ya Watoto Wakati wa Maafa, 1961 hadi 2024



Kila mwaka kitabu hiki cha taarifa hutenga kurasa chache kwa mambo ya historia, na safari hii twaziweka kurasa hizo kwa habari za watoto: jinsi walivyotibiwa na kulishwa katika nchi yetu baada ya ukame na mafuriko, na ni akina nani waliofanya kazi hiyo. Sababu ya kuichagua habari hii wanachama wanaijua. Tangu mvua za mwaka wa 2024 limekuwa likizuka mikutanoni swali moja, nalo ni hili: mchango wetu wa maafa utolewe lini, na utumike kwa kitu gani? Wako wanaosema utolewe siku ile ile habari zinaposikika, kwa mablanketi na nguo. Wako wanaosema sehemu yake ingojee. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika hatukutumwa kukata shauri, lakini twaona kwamba historia ina neno la kusema katika jambo hili, na twaliweka mbele yenu mlipime.

Huenda mtu akauliza, Membley ina shirika gani na mafuriko ya Garissa au Tana? Jibu liko katika mito. Mvua inyeshayo katika miinuko ya Kiambu iliyo juu yetu hushuka katika mto Ruiru, na Ruiru huipeleka katika Athi. Na Athi, baada ya kubadili jina na kuwa Galana na kisha Sabaki, huingia baharini karibu na Malindi. Mito ya Thika na Chania nayo hukutana mjini Thika, na maji yake huishia Tana. Wazee walioishi hapa wakati ardhi hii ya Ruiru ilipokuwa kahawa mpaka upeo wa macho waliitazama mvua kubwa kuwa baraka ya shamba, na ilikuwa baraka kweli; lakini maji yale yale, yakiisha kutupita sisi, huenda kuwa msiba wa watu wengine siku chache baadaye. Tena barabara ya Garissa huanzia Thika. Malori ya chakula na dawa yaendayo kule hupita mlangoni petu.

Mwaka wa 1961 ndio tunaoanza nao, kwa kuwa wengi wa wazee wetu wanaukumbuka. Yafaa tujue kwanza kwamba mafuriko yale hayakuikuta nchi imeshiba. Mwaka wa 1960 mvua zilikosa, na mwaka uliofuata ulipoanza njaa ilikuwa imekwisha kuingia Ukambani, Umasaini na katika nchi kavu za kaskazini. Ng'ombe wa Wamasai walikufa kwa maelfu. Kisha katika miezi ya Oktoba na Novemba mvua ikaja bila kipimo. Tana ikavunja kingo zake, barabara zikakatika, na Garissa ikawa kama kisiwa. Huku magharibi Ziwa Victoria likaanza kujaa, na hata ilipofika mwaka wa 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, likafunika mashamba ya pwani yake yote. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa katika miaka yake ya mwisho, ilituma ndege za jeshi la anga la Uingereza zipeleke chakula mahali ambapo gari halingeweza kufika. Huko Ukambani wazee huitaja njaa ya miaka ile kwa jina la ndege, yaani ndeke kwa Kikamba, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani.

Msaada ule uliokoa watu wengi, wala hatuna nia ya kuudharau. Lakini gunia la mahindi ni msaada kwa mtu mwenye meno. Mtoto wa mwaka mmoja, aliyekwisha kukonda kwa ukame wa mwaka mzima, ambaye mama yake hana maziwa na ng'ombe wa baba yake wamekufa, hawezi kuokolewa kwa gunia. Na maji machafu yakisha kuingia katika visima, mtoto huyo huanza kuhara, na kila anacholishwa humtoka. Hapo ndipo kazi ya mlishaji hukoma na kazi ya mganga huanza.

Basi katika mwaka wa 1961 palikuwa na waganga gani wa hisani? Vyama viwili vyastahili kutajwa. Cha kwanza ni Msalaba Mwekundu, ambao tangu mwaka wa 1939 ulikuwa nchini kama tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Watu wa Kiambu waliufahamu kabla ya mafuriko, na si kwa sababu ya mvua. Katika mwaka wa 1954 na 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru wapatao milioni moja na kuwatia katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba. Njaa ikaingia vijijini, na Msalaba Mwekundu uligawa maziwa kwa watoto. Lile halikuwa janga la asili, na kwa hiyo haliingii katika habari hii. Lakini tumelitaja kwa kuwa wako wanachama wetu ambao kikombe chao cha kwanza cha maziwa ya unga walikipata huko, na mtu asiijadili historia ya msaada mbele yao kana kwamba wao hawakuwapo.

Chama cha pili kilikuwa bado kichanga. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, Archibald McIndoe mzaliwa wa New Zealand, na Thomas Rees wa Marekani, walianzisha shirika ambalo sasa twalijua kwa jina la AMREF. Shauri lao lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: ikiwa mgonjwa wa mbali hawezi kumfikia daktari, daktari amfikie mgonjwa kwa ndege. Waliweka makao katika uwanja wa Wilson, wakaziunganisha hospitali za mbali kwa simu za upepo, na watu wakawaita Madaktari Warukao. Ndege ndogo inayoweza kutua penye uwanja wa majani ni kitu kikubwa wakati barabara zimekatika.

Lakini hebu tufikirie daktari yule anaposhuka katika ndege mwaka wa 1961. Ana nini mkobani? Ana kwinini na klorokwini za malaria. Ana penisilini. Chanjo ya surua hana, kwa kuwa chanjo hiyo ilipewa ruhusa ya kutumika mara ya kwanza huko Marekani mwaka wa 1963, na mpango wa serikali yetu wa kuchanja watoto wote ulianzishwa mwaka wa 1980. Kwa mtoto anayekauka kwa kuhara ana chupa ya maji ya kutiwa katika mshipa, ambayo ni ghali, ni nzito kuchukuliwa, na yahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuichoma sindano. Pakiti ya unga wa chumvi na sukari ambayo leo hununuliwa katika duka lolote la dawa pale Ruiru haikuwapo duniani. Watu husema kwamba siku zile watoto walikufa kwa sababu msaada ulichelewa. Hiyo ni kweli nusu tu. Hata ulipofika mapema, ulifika na mkono mmoja.

Mkono wa pili ulitafutwa sehemu nyingi, na mojawapo ilikuwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, jambo ambalo vijana wetu hawalisikii mara nyingi. Ugonjwa wa kwashiakoo, ule unaomvimbisha mtoto miguu na kuzigeuza nywele zake rangi, ulielezwa kwa uganga wa kizungu na Daktari Cicely Williams aliyekuwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, katika mwaka wa 1933. Lakini miaka iliyofuata mahali palipochunguzwa sana ni Kampala, katika hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere. Huko ndiko alikokuwa Profesa Derrick Jelliffe tangu mwaka wa 1959. Yeye alitilia mkazo jambo moja dogo: kwamba unene wa mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, waweza kupimwa kwa utepe, na kwamba kipimo hicho chatosha kumjulisha mtu asiye daktari ni mtoto yupi aliye hatarini. Kitabu chake cha mwaka wa 1966 kilienea duniani kote. Leo utepe huo una rangi tatu, na mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimeta 11.5 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Mama asiyejua kusoma aweza kuutumia.

Huko huko Mulago mwaka wa 1965 ilifunguliwa nyumba ya kuwatibu watoto wenye utapiamlo, ikaitwa Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Kiganda juu ya mtoto mwenye afya na malezi ya mama yake. Ndani yake mama hakuwekwa nje kwenye benchi kungoja. Alikaa na mwanawe, akapika, akafundishwa kuchanganya chakula kilichopatikana shambani mwake mwenyewe, naye alipotoka akawafundisha wenziwe. Kwa maoni yetu hili lilikuwa jambo kubwa kuliko dawa yoyote, na mtaona mbele kidogo jinsi lilivyosahauliwa na kisha kukumbukwa.

Sasa natuvuke bahari kidogo, kwa sababu mambo mawili yaliyobadili kazi hii yalizaliwa katika Bengali. Tarehe 12 Novemba 1970 tufani kubwa iliipiga pwani ya Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo mwaka uliofuata ilikuwa Bangladesh. Watu waliokufa hukadiriwa kuwa si chini ya 300,000. Madaktari wa maabara ya kipindupindu iliyokuwa Dhaka walikwenda kijiji kwa kijiji wakahesabu, wakakuta kwamba watoto wa chini ya miaka kumi, waliokuwa kama theluthi moja ya watu wote, walikuwa nusu ya waliokufa. Hawakuwa na nguvu ya kung'ang'ania mti. Na katika hesabu hiyo hiyo lilionekana jambo ambalo hawakulitazamia: walionusurika hawakuwa wagonjwa sana, walichokosa ni chakula, nyumba na vyombo vya kulimia. Twalitaja hili kwa haki, maana linawapa nguvu wale wanachama wasemao mablanketi kwanza. Kuna maafa ambayo huua kwa usiku mmoja kisha hukoma, na kuna maafa ambayo huanza kuua baada ya wiki ya tatu. Anayehesabu ndiye atakayejua amekutana na lipi.

Madaktari fulani wa Kifaransa waliokwenda kusaidia baada ya tufani ile, wakiungana na wenzao waliotoka katika vita vya Biafra, walianzisha mwezi wa Desemba 1971 chama cha Madaktari Wasio na Mipaka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Nikaragua baada ya tetemeko la ardhi la mwaka wa 1972. Hapa Kenya chama hicho kimefanya kazi tangu miaka ya 1980, na wakazi wa Mathare na wakimbizi wa Dadaab wanakijua vizuri.

Jambo la pili lilitokea mwaka huo wa 1971. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa mpakani mwa India, kipindupindu kikawaingia, na chupa za maji ya mshipani zikamwishia Daktari Dilip Mahalanabis. Aliamuru chumvi na sukari zichanganywe na maji katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Mahali palipokuwa pakifa wagonjwa 30 katika kila 100 wakawa wanakufa wasiofika 4. Twamwomba msomaji asome tena sentensi hiyo. Hakuna mashine iliyoongezwa, wala hospitali iliyojengwa. Mlinzi wa mtoto alipewa kikombe.

Turudi nyumbani. Nchi ilipata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, na miaka miwili baadaye, tarehe 21 Desemba 1965, Bunge likaufanya Msalaba Mwekundu wa Kenya kuwa chama cha nchi kinachojitegemea, si tawi la mtu tena. Miaka iliyofuata ilikuwa na ukame mwingi, nasi hatutauandika wote hapa.

Mtihani mkubwa wa mafuriko ulikuja tena mwezi wa Oktoba 1997, nao ulidumu mpaka mwanzo wa mwaka wa 1998. Wakenya wote walijifunza neno El Niño, hata wakaliweka katika mazungumzo ya kila siku. Mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni haba palinyeshewa wiki baada ya wiki. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba maji ni tarishi tu, na mwenye ujumbe yuko nyuma. Kwanza kilikuja kipindupindu. Mwezi wa Desemba habari zikatoka Garissa kwamba mifugo inatupa mimba na watu wanatokwa na damu. Ilikuwa ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza kando ya Ziwa Naivasha katika mwaka wa 1931. Mayai ya mbu wanaouchukua hukaa kimya katika udongo mkavu miaka na miaka, yakingoja maji yatuame. Halafu, mwanzoni mwa mwaka wa 1998, malaria iliingia Wajir. Katika nchi kavu kama ile malaria ya namna hiyo si jambo la kawaida, kwa hiyo miili ya watu haikuwa na kinga yake, na watoto walikufa wengi. Barabara ya kwenda kule, ile ianziayo Thika, ilikuwa haipitiki, na ndege zikawa ndizo malori.

Mashirika ya matibabu yaliyokwenda kaskazini, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwa miongoni mwao, yalikuwa sasa na mikono yote miwili: chanjo ya surua, pakiti za chumvi na sukari, dawa, tepe za kupimia mikono. Lakini yalikuta shida ambayo haimo mkobani. Mtoto wa mfugaji hulelewa kwa maziwa. Mbuzi na ngamia wakifa kwa homa, na nyama ikikatazwa kuchinjwa, na Saudi Arabia ikikataa kununua mifugo ya pembe hii ya Afrika kama ilivyofanya mwaka wa 1998, basi mtoto aliyepona malaria mwezi wa Machi hana cha kunywa mwezi wa Mei. Magazeti ya Nairobi kufikia wakati huo yalikuwa yamekwisha kuhamia katika habari nyingine.

Palikuwa na kasoro moja zaidi siku zile, nayo ilikuwa ya dunia nzima. Mtoto mwenye utapiamlo mkali alipaswa kulazwa katika kituo kwa wiki nyingi akinyweshwa maziwa maalumu yaliyokorogwa kwa maji safi. Mama akaaye naye kituoni amewaacha wengine watano nyumbani. Wengi hawakuja, au walikuja wakaondoka kabla ya siku zao. Funzo la Mwanamugimu, kwamba mtoto hutibiwa pamoja na nyumba yake, lilikuwa limewekwa kando. Lilirudi kwa njia ya karanga. Mwaka wa 1996 Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, walitengeneza uji mzito wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, uliofungwa katika pakiti ndogo ambayo mtoto huifyonza mwenyewe. Hauhitaji moto. Hauhitaji maji, na mtu yeyote aliyeona kisima baada ya mafuriko ataelewa uzito wa maneno hayo. Mwaka wa 2005 huko Niger Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu kwa njia hiyo watoto zaidi ya 60,000, wengi wao wakilala kwao, na mwaka wa 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliikubali kuwa njia ya kufuatwa.

Mwaka wa 2011 wahusu kutajwa kwa ajili ya jambo la fedha. Ukame wa mwaka huo ulikuwa mbaya sana kaskazini, na mwezi wa Julai Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na makampuni kadha walifungua mchango ulioitwa Wakenya kwa Wakenya. Walikusudia kupata shilingi milioni 500 kwa wiki nne, wakazipita. Watu walituma shilingi kumi, shilingi hamsini, kwa simu. Ukilinganisha na mwaka wa 1961, wakati chakula kilipotoka angani katika ndege za watu wengine, utaona kwamba nchi ilikuwa imetembea. Lakini utaona vile vile kwamba fedha zile zilikuja kwa wingi katika wiki chache, kwa kuwa ndizo wiki ambazo picha za watoto zilikuwa katika televisheni.

Twafika sasa katika mwaka wa 2024, ambao hakuna haja ya kumsimulia mtu wa Membley kwa kirefu. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo tangu mwaka wa 2020, na ng'ombe wa kaskazini walikuwa wamekwisha kufa, kama mwaka wa 1960. Kisha mvua za Machi hadi Mei zikaja. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalishuka karibu na Mai Mahiu na kuwachukua watu zaidi ya 50 wakiwa usingizini. Siku moja kabla, mashua ilipinduka katika Tana karibu na Garissa, kwa sababu barabara ya pale Mororo ilikuwa chini ya maji. Nchini kote walikufa watu karibu 300, na waliohama makwao walikuwa zaidi ya robo milioni. Shule zilizopaswa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Tukumbuke pia kwamba madaktari wa hospitali za serikali walikuwa katika mgomo tangu katikati ya Machi mpaka tarehe 8 Mei, siku 56, kwa hiyo maji yalipopanda mahodhi ya dawa yalikuwapo lakini mikono ilikuwa michache.

Msalaba Mwekundu ulikuwa mahali pote, kwanza kwa mashua na kamba, kisha kwa mahema. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kliniki za kuhamahama kwa waliokimbilia miinuko, na huko Dadaab, ambako wakimbizi karibu 20,000 walihamishwa na maji, wengi wao wakilala katika madarasa. Mwezi wa Mei kipindupindu kilithibitishwa katika kaunti ya Tana River. Hapakutokea vifo vya watoto kwa wingi kama ilivyoogopwa, na twaamini kwamba sababu yake ni vitu vile vile vidogo tulivyovitaja: pakiti, utepe, chanjo, na watu wa afya wa vijijini waliojua kila boma lina watoto wangapi.

Twaruhusiwe sasa kusema tunavyoona juu ya swali la mikutano. Wanaosema mablanketi siku ya kwanza wana haki, hasa kwa maafa kama ya Mai Mahiu, ambapo mtu huamka hana hata kikombe, na mtoto mchanga huweza kufa kwa baridi ya usiku mmoja. Lakini siku ya kwanza ina marafiki wengi. Kila kanisa, kila kampuni, kila mwanasiasa huja na gari. Mwezi wa tatu hauna rafiki. Wala nguo kuukuu hazimsaidii mtoto anayehara; na gharama ya kuzisafirisha kutoka Thika hadi Hola yaweza kununua pakiti nyingi za chumvi na sukari, ambazo chama kidogo kama chetu kinazimudu. Ikiwa nusu ya mfuko wetu wa maafa itawekwa hadi siku 60 zipite, kisha ikatumwa kwa chama cha matibabu kilicho bado mahali pale, kwa kazi ya watoto tu na kwa kudai hesabu ya maandishi, hatutakuwa tumechelewa. Tutakuwa tumefika wakati malaria inapofika. Mweka hazina amesema kwamba jambo hilo halivunji kanuni yoyote ya chama; ni juu ya mkutano mkuu kulipokea au kulikataa.

Wako waliouliza pia kwa nini watu wa Tana hawahami kabisa kando ya mto, ili tusichangishwe kila baada ya miaka michache. Swali hili huulizwa na watu wenye mabomba. Wapokomo wamelima kingo za mto ule tangu zamani kwa sababu tope linaloachwa na mafuriko ndilo mbolea yao, na pasipo mafuriko hakuna mavuno. Maji yalipopungua mwaka wa 2024 walirudi kupanda mahindi na kunde katika ardhi ile ile iliyowafukuza, na watoto walikwenda nao, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaachia. Mbu nao walikuwa wamekwisha kuanguliwa katika madimbwi yaliyobaki.